Sifungui Duka la Mtu

Mwanangu Kabula,

Zile salamu za mimi mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali, nimeziruka. Hujawa mbali bado. Uko chumba cha pili na mama yako mkubwa mnabishana kama sufuria ya ugali iingie kwenye begi au ibaki, na mimi nimejifungia huku kwa kusingizia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nakuandikia wewe.

Mambo ya kufunga pochi vizuri, kuchemsha maji ya kunywa, kutomwamini mtu wa stendi, hayo mama yako mkubwa ameshayamaliza tangu juzi, na ukimkosea kidogo atayaanza upya. Na hao wanafunzi unaokwenda kuwafundisha Sumbawanga wakikucheka hizi "l" zetu za Kisukuma zinazoingia mahali pa "r", cheka nao, yataisha. Mimi nina jambo moja tu. Lingekuwa jambo la kusemeka ningekuita nikalisema. Nilijaribu Jumapili, na wewe mwenyewe uliona tulipoishia.

Ulikuwa unapiga pasi zile blauzi za kazini. Mimi nikakuuliza habari za Elia, fundi umeme wa watu, kijana mwenye adabu mpaka ananikera, aliyetaka kuleta washenga kabla hujaondoka na wewe ukamwambia asihangaike. Nikakuuliza kosa lake ni nini. Hukuinua macho.

"Hana kosa. Mimi ni mtu wa kuachwa, mama. Bora nitangulie mwenyewe."

Kisha ukanyunyizia maji kola ya blauzi ukaendelea kupiga pasi.

Maneno yenyewe hayakunishtua sana. Kilichonishtua ni jinsi yalivyotoka. Hukuyatafuta. Hukukasirika, hukulia, hukupandisha hata bega. Uliyasema kama mtu aliyeulizwa jina lake hospitali. Mtu hawezi kusema neno zito namna hiyo kwa wepesi huo kama hajalisema mara nyingi sana akiwa peke yake. Nakwambia hivyo kwa sababu naijua ile sauti. Ni yangu.

La kwangu unalijua, umelisikia tangu hujaota meno ya kutafunia miwa: sifungui duka la mtu. Ulikuwa mdogo, nikija hapa Kambarage kwa mama yako mkubwa kukusalimia, asubuhi nakutuma chumvi pale kwa Mangi, na kabla hujatoka nakushika mkono nakuonya: ukikuta hakuna aliyenunua, subiri, mwache mwingine aanze. Ukawa unasimama pembeni ya duka na hela yako mkononi, watu wanakupita. Mangi alikuwa anadhani una haya. Hukuniuliza hata siku moja kwa nini tunasubiri. Mtoto haulizi, anaangalia watu wake wanavyofanya, na anafanya.

Sikuwa nimeitunga mwenyewe, watu wengi wanaiamini. Mteja wa kwanza wa asubuhi ndiye anayefungua biashara. Akiwa na mkono mwepesi utauza mpaka jioni, akiwa na mkono mzito utafukuza nzi. Wengine wanaisema na kuisahau. Mimi niliamini mkono wangu ni mzito kuliko jiwe la kusagia, nikaishi hivyo, na ninaishi hivyo leo. Sasa nikusimulie ilivyoanza, maana nadhani hujawahi kuisikia yote.

Nilikuwa na umri kama wako nilipofuatana na baba yako Rwamgasa. Yeye aliingia kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia dhahabu, na mimi nikawa mama lishe wa vijana wa shimo hilohilo. Asubuhi uji na mihogo, mchana ugali na dagaa. Nilikuwa mchangamfu, usibishe. Nilikuwa natembea naimba na ndoo ya uji kichwani, wachimbaji wanajua nimefika kabla hawajaniona.

Siku moja niliwahi kufika kuliko wote. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Vijana walipokuja na kumulika chini, wakakuta duara limejaa maji, na wiki ile ndiyo walikuwa wameufikia mwamba wenyewe, ule wanaousubiri kwa miezi. Mwenye duara, mtu mmoja mnene wa maneno mengi, akakaa juu ya kifusi akajishika kichwa. Halafu akauliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kukanyaga pale asubuhi ile. Wote wakanigeukia mimi, na upawa wangu mkononi.

"Basi ndiyo huyo," akasema. "Huyu mama ana gundu, ni mkosi mtupu."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nadhani niliwazidi wote. Mchana ikaletwa pampu, maji yakatolewa, baada ya siku chache wakashuka tena chini kuendelea na kazi. Yule mwenye duara sidhani kama aliwahi kulikumbuka tena neno lake. Ukimkutanisha na mimi leo ataniuliza mimi ni mama nani. Ndiyo kisa chote, Kabula. Hakikufa kitu, hakikuvunjika kitu.

Jioni nikampelekea baba yako, ambaye asubuhi ile hakuwepo shimoni, kama kichekesho, akacheka. Nikamsimulia jirani. Kesho yake nikifika shimoni, kabla hawajasema wao, nikasema mimi: "Haya, gundu lenu limeleta uji." Wakaangua kicheko. Nikaona nimepata dawa: nikijitania mwenyewe hakuna wa kunitania. Ikawa ndiyo salamu yangu. Gundu limefika, gundu linaondoka, gundu linawadai vikombe. Wao walichoka utani ule mapema, wakaacha kucheka. Mimi sikuacha kusema. Sijui ni siku gani niliyoisema bila kutania, ningeijua ningekutajia. Haikuwa na siku.

Halafu ikasikika rashi. Unajua wachimbaji, wakisikia mahali dhahabu imetoka, kambi nzima inahama kabla chai haijapoa. Baba yako akaondoka nao, akasema atatufuata mimi na wewe, uliyekuwa bado unanyonya, akishapata pa kulala. Hakurudi. Baadaye nikasikia ameoa huko, ana watoto, ana duka la vipuri. Wanawake wa mstari wetu wa vibanda walioachwa hivyo walikuwa wengi, mwanangu. Walilia, wakatukana, wakaolewa au hawakuolewa, na kila mmoja alimlaumu mume wake. Mimi peke yangu sikumlaumu baba yako. Nilikuwa na jibu tayari.

Nikabaki Rwamgasa, nikapata kazi mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, kwenye marudio. Marudio ni mchanga ambao umeshaoshwa, dhahabu ikatolewa, ukatupwa. Sisi wanyonge tunauchukua tunauosha tena, maana kuna vumbi la dhahabu linalobaki. Unainama toka asubuhi, unaosha mchanga ulioshaoshwa na mwenzio. Mikono inafanya kazi, kichwa hakina kazi. Na mimi kichwani nilikuwa na asubuhi ile ya duara, naiosha na yenyewe. Naileta mbele, naimwagia maji, naitazama, naitupa, kesho naichukua tena. Na kila nilipoiosha nilipata kitu. Mwaka ule wa kwanza nilikumbuka kwamba mwenye duara alitema mate chini aliponitazama. Baadaye nikakumbuka kwamba vijana hawakuunywa uji wangu siku ile, waliumwaga wote, nikarudi nyumbani na vikombe vikavu. Nililiona hilo waziwazi, mpaka rangi ya uji kwenye udongo.

Sasa sikiliza. Mwaka jana nilikutana na Masanja hapa Kambarage, yule mwenye mguu unaochechemea, anayeziba pancha. Alikuwa mmoja wa vijana wa lile duara. Tukacheka ya zamani, nikapata ujasiri nikamuuliza, mlijisikiaje siku ile mlipoumwaga uji wangu? Akanikodolea macho. Akasema uji gani, tuliunywa wote, tena mwenye duara aliomba kikombe cha pili kwa sababu ya baridi ya mvua. Nikamuuliza habari za mate. Hakumbuki mate. Nikarudi nyumbani. Miaka yote ile nimeishi juu ya uji uliomwagwa, na uji haukumwagwa. Ungedhani siku ile nilipona. Ilipofika jioni nilikuwa najiambia Masanja ni mtu mwema, ananificha.

Hapo ndipo ninapotaka uniangalie vizuri, mwanangu, usiniangalie kwa huruma. Niangalie kama unavyoangalia daftari la mwanafunzi, pale hesabu ilipopotea.

Ulipata degedege ukiwa mgongoni kwangu. Ulikuwa umeanza kusema sema, unaniita mayu, mama kwa Kisukuma chetu, kwa ile sauti ya kukwaruza. Tulikuwa tunatoka mwaloni, ukaanza kukakamaa, macho yakapanda. Nikakimbia na wewe zahanati, na mama yako mkubwa kwa bahati alikuwa amekuja kututembelea, akanikuta pale mlangoni akakunyang'anya mikononi mwangu. Ulipofika kwake ukalia. Daktari alisema ni malaria, akasema tumewahi. Watoto wengi wa kambi ile walipata malaria msimu huo, mbu walikuwa wanazaliana kwenye mashimo yaliyoachwa. Hayo yote niliyasikia kwa masikio yangu haya. Lakini macho yangu yaliona kitu kimoja tu: kwangu ulikakamaa, kwa mwenzangu ulilia.

Wiki ileile nikakuleta Kambarage nikakuacha. Nilimwambia dada yangu ni kwa ajili ya shule na hospitali. Hukuwa hata na umri wa shule. Nikamwambia wewe, "Narudi sasa hivi," na wewe ukashika nguzo ya geti ukasimama pale. Mimi nilitembea bila kugeuka kwa sababu nilikuwa nimeambiwa, au nilijiambia, kwamba mwenye gundu akigeuka analiacha nyuma yake. Nilikuwa nakuokoa. Nilitembea mpaka stendi nikijipongeza, kamasi zinanitoka, najiambia leo umefanya kitu kizuri, Milembe. Mungu anisamehe.

Mama yako mkubwa alikuja kujua baadaye sana. Tulikuwa tunachambua mchicha, nikamtobolea yote. Unamjua alivyo. Akaweka kisu chini.

"Gundu gani wewe? Mvua ilinyesha, shimo likajaa maji. Mashimo yote yalijaa."

Nikamwambia nimekuelewa dada. Na nilimwelewa kweli. Nikaendelea kuchambua mchicha, na kesho yake asubuhi nikasubiri mwingine anunue kwanza.

Kisha ikaja siku yako ya mtihani wa darasa la saba. Nilikuwa nimekuja, nimelala hapa. Ulitaka nikusindikize mpaka kona. Ulikuwa umepakwa mafuta unang'aa, umeshika rula na kalamu mbili. Mimi nikaingia chooni nikajifungia. Ukaita mama, ukaita tena, ukasema mama nachelewa. Nikanyamaza humo, nimeziba mdomo kwa kanga, mpaka nikasikia mama mkubwa anakwambia twende tu mwanangu. Ulipofaulu watu walinipa hongera. Mimi nilijua sababu: alifaulu kwa kuwa sikumgusa. Unaona lilivyo jambo hili? Ungefeli, ni gundu langu. Umefaulu, ni kwa sababu nilikaa mbali na gundu langu. Nilikuwa nimejenga nyumba isiyo na mlango, na kila tofali nimelifyatua mwenyewe.

Nilijaribu kutoka, usidhani nilikaa tu. Nilikwenda kwa mganga mmoja maarufu, akaniangalia akasema ndiyo, lipo, tena limekaa vibaya. Nikaenda kwenye maombezi, mtumishi akanishika kichwa akasema anaiona roho ya mikosi, imeshikilia mguu. Wote wawili walihangaika kunisaidia, siwasemi vibaya. Ila hakuna hata mmoja aliyeniambia halipo. Niliondoka kwa kila mmoja nimeongezewa shahidi.

Na Masumbwe je? Mama Zawadi, yule Msumbwa wa mchele uliyekuwa unampenda kwa vitumbua vyake, alinitaka tushirikiane meza yake sokoni kule Masumbwe. Hakuna mtu aliyewahi kunitaka kwa jambo la maana kama yule mwanamke. Nikaenda. Nikawa nafika mezani jua limeshapanda, nikichungulia kwanza kama ameshauza. Nikikuta hajauza nazunguka soko. Alivumilia mpaka akachoka. Akaniambia kwa upole, Milembe, mimi nilitaka mwenzangu wa asubuhi, asubuhi ndiyo yenye kazi. Nikafunga kanga zangu nikarudi hapa Shinyanga kwa dada. Na njiani kwenye basi unajua tu nilichokuwa najiambia. Nilikuwa najiambia, unaona? Hata Masumbwe.

Sasa turudi Jumapili.

Uliposema ile kauli yako na pasi mkononi, nilikusimulia. Si yote haya, lakini mafupi: geti, degedege, choo. Nikakwambia sikukuacha kwa kutokukupenda, nilikuacha kwa kuogopa mikono yangu. Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka yote nikiamini siku nitakayolisema litafungua kitu. Ukaniangalia. Ukasema, "Sawa mama, nimekuelewa." Ukakunja blauzi ukachukua nyingine.

Sikukulaumu. Nilikuwa namwona Milembe na mchicha wake.

Usiku huo mama yako mkubwa akaniambia jambo nililotamani asingeniambia. Akasema ulipokuwa mdogo, mwaka ule wa kwanza, ulikuwa ukizimiwa taa unageukia ukutani unanong'ona mpaka usingizi ukupate. Kila siku. Yeye alikuwa anakaa kimya akusikilize ila hasikii vizuri. "Nilidhani anasali," akasema. Siku moja akasogea karibu. Ulikuwa unasema: mama kaniacha, mama kaniacha, mama kaniacha. Hukuwa unalia. Ulikuwa unajibembeleza nayo.

Nimelia, Kabula, nakwambia wazi, nimelia mpaka nimeona haya mbele ya ukuta ule. Maana kumbe wakati mimi nimeinama mwaloni naosha la kwangu, wewe huku ulikuwa unaosha la kwako. Tumefanya kazi moja, mama na mtoto, kila mtu na mchanga wake. Na la kwako ni baya kuliko langu, kwa sababu la kwangu halikuwa kweli hata mwanzoni, na la kwako mwanzoni lilikuwa kweli. Nilikuacha. Uliona kwa macho yako. Halafu ukaichukua siku moja ya kweli ukaifanya kuwa wewe, ukaipeleka shule, ukaipeleka chuo, ukaiweka mbele ya Elia wa watu ambaye hajui hata geti letu la zamani lilikuwa na rangi gani. Hujamkataa Elia. Umenikataa mimi ninayeondoka bila kugeuka.

Ningekuwa mama wa maana ningekupa dawa hapa. Sina. Ninachojua ni kwamba kumwambia mtu ukweli hakutoshi, kwa sababu ukweli unaambiwa mara moja na ule uongo ameshajiambia maelfu. Ninajua pia kwamba mtu akilisema jambo mpaka likawa yeye, kumwambia aliache ni kama kumwambia afe kidogo. Mimi nikiliondoa gundu, nabaki na nini? Nabaki na mwanamke aliyemwacha mtoto wake bure. Afadhali gundu, mwanangu. Hilo ndilo linalonishikilia mpaka leo, na nimelijua wiki hii tu, na kulijua hakujanisaidia.

Ushahidi unao wewe mwenyewe. Leo asubuhi nilitoka kimyakimya kabla hamjaamka. Nilisema nitakununulia sukari ya safari pale kwa Mangi, na nitakuwa wa kwanza. Nimefika, ndiyo kwanza anafungua dirisha. Akasema karibu mama. Nimesimama pale na hela mkononi. Akaniuliza nikupe nini. Nikamjibu nasubiri mtu. Nimeona aibu hata kungoja, nikarudi mikono mitupu, na wewe ulikuwa mlangoni unapiga mswaki. Ukaniuliza, "Hakujafunguliwa?" Nikasema hakujafunguliwa. Ulijua nadanganya, ukageuza uso kwa heshima.

Sasa nakufikisha kwenye jambo lenyewe. Hii barua nitaiweka chini kabisa ya pochi yako, chini ya kitenge, ili usiikute kabla basi halijaondoka. Kuna kitu hujui kuhusu stendi.

Siku unaenda bweni kidato cha kwanza, ulidhani sikuja. Mama mkubwa alikwambia ninaumwa. Nilikuja. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya kile kibanda cha chipsi, nimejifunika kanga. Ulivaa lile sweta la kijani lililokuzidi mikono. Ulipopanda ulikaa dirishani ukageuza shingo ukatafuta, ukageuza tena, kisha ukaacha kutafuta ukatazama mbele. Siku unaenda chuo nilikuwa palepale. Siku ile hukutafuta kabisa. Kila ulipoondoka mji huu nilikuwa ng'ambo, na kila mara nilisimama mpaka basi likapotea. Kilichonizuia kuvuka ni lami tu, na maneno. Nilifikiri nikikugusa gari halitafika.

Kesho nimesema nitakuja, na wewe umeitikia sawa mama. Umeitikia kama mtu anayemjibu mtoto. Ninataka kuvuka. Ninataka kukushika uso mbele ya kondakta na abiria wote, mikono yangu yote miwili, niwe mtu wa kwanza kukugusa asubuhi hiyo. Nimejifunza kutwa nzima kichwani. Lakini ya kwa Mangi umeyaona, kwa hiyo siahidi. Wewe unayesoma hapa umeshajua kama nilivuka au sikuvuka. Mimi ninayeandika sijui.

Kama nilivuka, basi mkono wangu umeshakugusa, na safari inaendelea, na barua hii haina kazi, ichane.

Kama sikuvuka, najua lile neno lako limeshakuja lenyewe kabla basi halijafika Tinde. Limekuja laini, limekaa kwenye kiti cha pembeni kama mwenyeji. Siwezi kukuambia ulifukuze, sijui linafukuzwaje. Ninakuomba useme neno jingine juu yake. Usiliamini, sikuombi uliamini. Mimi nilipoanza la kwangu sikuliamini, nilikuwa nataniana na watu. Liseme tu, kama ulivyokuwa unasema ukutani, basi likiwa linatembea, Nzega, Tabora, huko kote mpaka Sumbawanga, na ukifika kwenye chumba chako kigeni ukazima taa, geukia ukuta uliseme mpaka usingizi ukupate. Tofauti yake na yale mengine ni kwamba hili ni kweli, lilikuwa kweli kila siku uliyogeuza shingo ukanikosa.

Sema: Mama alikuwa ng'ambo ya barabara.

Mimi mama yako,
Milembe